Tuyatazame Maua Yetu: Bustani ya Nyumbani kwa Picha, Mwaka Mzima

Akina mama wengi tunapenda maua. Kuanzia yule mwenye uwanja mpana hadi yule aliyepanda miche mitatu kwenye makopo ya rangi mlangoni pake, kila mmoja hutaka nyumba yake ipendeze. Tunapanda, tunamwagilia, tunafagia majani yaliyoanguka. Lakini, mama mpendwa, hebu tujiulize: ni lini mara ya mwisho tulisimama dakika tano tukayatazama maua yenyewe? Mara nyingi tunapita na ndoo mkononi na mtoto mgongoni, huku akili iko jikoni au kazini. Tunajua kwamba maua yapo, ila hatujui yakoje.

Sisi tuliosomea uuguzi tulifundishwa mapema kwamba kumwona mgonjwa si sawa na kumtazama. Muuguzi hupima joto la mwili, mapigo ya moyo na upumuaji, kisha huandika kwenye chati. Kipimo cha siku moja hakisemi mengi. Vipimo vya siku saba vikikaa pamoja ndivyo vinavyoonyesha kama mgonjwa anapata nafuu au anazidiwa. Bustani nayo ni hivyo hivyo. Ua moja lililopigwa picha siku moja ni pambo. Bustani ile ile ikipigwa picha kila wiki, mwaka mzima, inakuwa chati inayosomeka. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maua yetu ni mali.

Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro, nje kidogo ya mji wa Moshi, tumekuwa na desturi hii tangu Januari 2021. Katika makala haya tunapenda kuwashirikisha akina mama wenzetu tuliyojifunza.

KUTAZAMA SI JAMBO DOGO

Mwaka 1892, wakati wa utawala wa Wajerumani, ofisa mmoja aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire aliona katika milima ya Usambara maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya laini, yanayoota kwenye miamba yenye kivuli. Akayapeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayaeleza kitaalamu. Leo maua hayo hupandwa kwenye vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, na Wajerumani bado huyaita kwa jina la Usambara. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakipita kando yake siku zote. Kilichoyafikisha mbali ni mtu aliyesimama, akainama, akatazama.

Hatusemi kwamba kila mama atagundua ua jipya. Tunasema tu kwamba vitu vingi vyema tunavyo tayari, na kinachokosekana ni jicho la kutulia.

JINSI YA KUANZA

Si lazima uwe na kamera ya bei kubwa. Zamani tulitumia filamu ya picha 36, na kila picha ilihesabiwa. Siku hizi simu ya mkononi yenye kamera inatosha, hata kama ni ya mwanao.

Kwanza, chagua mahali pa kusimama na usipabadilishe. Sisi tuliweka jiwe bapa karibu na tangi la maji. Kila Jumamosi asubuhi tunasimama juu ya jiwe hilo na kupiga picha moja ya bustani nzima, tukielekea upande ule ule. Baada ya hapo ndipo tunasogea na kupiga picha tatu au nne za karibu: tumba, ua lililochanua, jani lenye kasoro, au mdudu.

Pili, andika. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha kwa mwaka. Andika tarehe na sentensi mbili tu: mvua ilinyesha au haikunyesha, kipi kimechanua, kipi kinanyauka.

Tatu, chagua kitu kimoja kisichobadilika kiwe kipimo cha vingine. Kwetu ni masale yaliyo mpakani. Wachaga wanayaheshimu sana masale, kwani anayetaka kuomba msamaha kwa ndugu aliyemkosea humpelekea jani lake. Katika picha zetu zote, za jua na za mvua, masale yamesimama kijani vile vile. Ukiyatazama hayo kwanza, mara moja unaona kipi pembeni yake kimebadilika.

MAJIRA YANAVYOPITA

Watu husema kwamba nchi zetu hazina majira, eti ni joto na mvua tu. Picha zimetuonyesha kwamba si kweli. Huku kaskazini na pwani tuna mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, na za masika, Machi hadi Mei. Wenzetu wa Dodoma, Iringa au Mbeya wana msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, hivyo kalenda ya maua yao itakuwa tofauti na yetu.

Januari na Februari ni kiangazi. Mawaridi hutoa maua madogo yanayokunjuka na kupukutika upesi. Lakini bogenvilia ndiyo wakati wake wa kung'aa, kwa kuwa huchanua vizuri zaidi udongo unapokauka kidogo. Piga picha yake kwa karibu nawe utashangaa: ile rangi ya zambarau au nyekundu si ua. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ndani yake yamejificha maua madogo matatu, meupe na membamba. Tuliishi na bogenvilia miaka kumi na zaidi bila kulijua hilo, hadi picha ilipokuzwa.

Mvua za kwanza zinaposhuka, pembeni mwa mfereji hutokeza ua jekundu la mviringo, kama mpira uliotengenezwa kwa nyuzi. Hulala ardhini kama kitunguu miezi mingi, kisha huinuka lenyewe bila kupandwa. Asiyetazama huweza kulilima kwa jembe akidhani ni gugu. Sisi tukishaona mahali lilipo katika picha za mwaka uliopita, tunapazungushia mawe mapema.

Masika ni wakati wa kupanda vipandikizi, na ni wakati wa maradhi pia. Majani ya mawaridi hupata madoa meusi ya ukungu, konokono hula machipukizi usiku, na magugu hukua kuliko maua. Hapa picha za kila wiki husaidia sana. Doa moja Jumamosi hii na matano Jumamosi ijayo maana yake ni kwamba jani likatwe na kuchomwa leo, na maji yamwagwe shinani tu, si juu ya majani.

Juni hadi Agosti ni kipupwe. Ukungu wa mlimani hushuka, asubuhi huwa na baridi, na maua hukaa muda mrefu bila kupukutika. Waridi moja tulilipiga picha Jumamosi tatu mfululizo kabla halijaachia petali. Mwezi wa Oktoba mijakaranda hugeuka zambarau mitaani Moshi na Arusha, na Krismasi inapokaribia, ule mti wenye asili ya Madagaska tuliouita mkrismasi huwaka mwekundu. Vuli ikinyesha vizuri, bustani nzima hufufuka.

Picha pia hazisahau miaka. Tukiweka pamoja picha ya Novemba 2022, wakati vuli ilipokuwa haba, na ya Novemba 2023, mwaka wa mvua za El Niño, mtu hawezi kuamini kwamba ni uwanja mmoja. Katika ya kwanza udongo umepasuka na mawaridi ni vijiti. Katika ya pili matuta yamefunikwa na maji na kingo zimebomoka. Baada ya kuziona zote mbili tuliinua matuta na kuweka matandazo ya majani ya migomba, ambayo huhifadhi unyevu wakati wa jua na kuzuia udongo usichukuliwe na maji wakati wa mvua.

JUA NALO LINAHAMA

Jambo jingine ambalo macho peke yake hayakutuonyesha ni jua. Moshi iko kama nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Kwa hiyo, tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linakuwa upande wa kusini. Tuta lililo kusini mwa nyumba yetu linakaa kivulini Juni na Julai, na Desemba linapata jua kali. Kila kipupwe mawaridi ya tuta lile yalikuwa yakidhoofika, na wengi walisema udongo ni mbaya. Picha za mwaka mmoja zilionyesha kivuli cha ukuta kikisogea hadi kulifunika tuta lote. Tulihamisha mawaridi upande wa mashariki, na tuta la kusini tukapanda mimea inayovumilia kivuli. Samadi tuliyokuwa tunaimwaga bure pale sasa inaenda kwenye mboga.

Mama, kabla hujalaumu mche au udongo, piga picha ya kivuli saa sita mchana mwezi Juni, kisha Desemba. Utajua la kufanya.

PICHA IPENDEZE

Jua letu la mchana huwa juu ya utosi, na picha zake huwa na weupe mkali na vivuli vyeusi. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Siku ya mawingu mepesi nayo ni njema, kwa kuwa rangi za maua hutoka kama zilivyo.

Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana simu za akina mama mara nyingi zina unga au mafuta. Inama hadi kamera ilingane na ua, usilipige kutoka juu kama unayesoma notisi. Sogea kwa miguu badala ya kuvuta picha kwa kidole. Gusa ua kwenye kioo cha simu ili kamera ijue unataka nini kionekane vizuri. Tazama na nyuma ya ua, usije ukakuta ndoo au nguo zilizoanikwa. Upepo ukivuma, mtoto mmoja asimame na kanga kuukinga. Watoto wanaipenda sana kazi hiyo, na wakishazoea, wao ndio watakaokuonyesha kinyonga au chozi anayefyonza utamu wa ua.

USALAMA WA WATOTO

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, kwa kuwa ni jambo la uhai. Si kila ua zuri ni salama. Miaka michache iliyopita mama mmoja alileta kituoni mtoto wa miaka mitatu anayetapika. Alikuwa amekutwa akitafuna tunda la mti wa maua wa jirani. Tulipouliza ni mti gani, mama alisema tu, "Ni ule wa maua ya njano." Miti yenye maua ya njano ni mingi. Kaka wa mtoto alirudishwa mbio nyumbani akapige picha ya ua, jani na tunda. Picha ilionyesha oleanda ya njano: majani membamba yanayong'aa, ua kama kengele, tunda la kijani lenye pembe. Sumu yake hushambulia moyo. Mtoto alipelekwa hospitali mara moja, mapigo yake ya moyo yakaangaliwa usiku kucha, na Mungu akamjalia kupona. Kama picha ingekuwa tayari kwenye simu ya mama, nusu saa nzima isingepotea.

Kwa hiyo tunashauri kila mama apige picha ya kila mmea ulio uwanjani kwake na kwa jirani ambako watoto hucheza, aulizie jina lake, na aliandike. Iangalie hasa mimea hii: oleanda za aina zote, ya waridi, nyeupe na ya njano, lile ua kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, mbarika, ambayo mbegu zake zenye madoa huvutia watoto, na minyaa ya uzio, ambayo utomvu wake huunguza macho. Mtoto akitafuna mmea usioujua, usimtapishe kwa nguvu wala kumnywesha mafuta. Mtoe mabaki mdomoni, mpeleke hospitali, na uende na kipande cha mmea au picha yake. Utomvu ukiingia jichoni, lisafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya.

Jambo la pili ni mbu. Mbu anayeeneza homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotuama, hata yale machache kwenye sahani ya chungu cha maua. Mahali penye joto, yai hugeuka mbu ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana kila Jumamosi, kabla ya kupiga picha, tunamwaga maji ya sahani zote na kuzisugua kingo zake. Vyombo vya maua vya sebuleni vibadilishwe maji vivyo hivyo.

BUSTANI ILIYOINGIA CHUMBANI

Bustani yetu ilianzishwa na mama mkwe, ambaye nyumbani wote tunamwita Bibi. Mwezi wa Mei 2022 alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakampotea. Alijua anachotaka kusema, lakini neno halikuja. Alilia mara nyingi, na sisi hatukujua tumfariji vipi. Mtu aliyeamka alfajiri maisha yake yote kwenda kwenye maua yake, sasa alitazama ukuta.

Wataalamu wanaofundisha wagonjwa kuzungumza tena huwa wanatumia picha za vitu ambavyo mgonjwa anavifahamu. Tulifikiri, ni kitu gani Bibi anakifahamu kuliko maua yake? Tukazisafisha picha 20 mjini, kubwa za kutosha, na kila jioni baada ya kumgeuza na kumpaka mafuta tukamwonyesha tatu. Wiki za kwanza aligusa tu picha kwa mkono wa kushoto. Siku moja, kwenye picha ya kichaka cha asumini, alisema "asu". Wiki iliyofuata neno likakamilika. Mawaridi yalifuata, kisha masale.

Mwezi wa Septemba tulimwonyesha picha mpya ya waridi lake jekundu, iliyopigwa siku hiyo hiyo. Alitazama, akakunja uso, akatikisa kichwa. "Kata," akasema. Tulirudi kutazama. Kweli, matawi yalikuwa yamerefuka na kukondeana, na vuli ilikuwa inakaribia bila kupogolewa. Tulikata kama alivyoagiza. Haba kama mvua za mwaka ule zilivyokuwa, tuliongeza maji ya kuoshea vyombo, na matumba yakatoka. Tulipompelekea Bibi picha yake, hakusema neno, lakini usiku ule alilala nayo chini ya mto.

Hatusemi kwamba picha zilimponya. Mazoezi, dawa za shinikizo la damu na uangalizi wa kila siku ndivyo vilivyofanya kazi kubwa. Maneno mengine hayajarudi hadi leo, na kutembea bado ni kwa kushikwa. Tunachosema ni kwamba alirudi kuwa mwenye bustani. Kila Jumamosi husubiri picha zake, na akiona kosa husema. Mama mwenye mgonjwa wa muda mrefu ndani anajua jambo hilo lina thamani gani: mgonjwa kuulizwa shauri, si kulishwa tu.

KALENDA YA MAUA

Baada ya mwaka mmoja utakuwa na picha 52 za bustani nzima. Zipange kwa mwezi na uandike kipi huchanua lini. Hiyo ndiyo kalenda yako. Sisi tunaopamba madhabahu kwa zamu tumeona faida yake. Wakina mama watano tuliweka kalenda zetu pamoja, tukagundua kwamba Februari wote tulikuwa hatuna maua meupe, na Agosti wote tulikuwa nayo mengi. Mmoja akapanda mayungiyungi kando ya mfereji usiokauka, na tatizo likaisha bila kununua maua mjini.

Safisha angalau picha nne kila mwaka, moja kwa kila majira, na uzibandike kwenye albamu pamoja na tarehe. Simu huibwa, huanguka majini, huharibika. Picha iliyo kwenye albamu wajukuu wataikuta. Na mruhusu mwanao asimame pembeni ya mche ule ule kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake. Mche utakua na yeye atakua, nawe utakuwa na chati ya wote wawili.

Mama mpendwa, usisubiri kununua miche mipya wala kurekebisha uwanja kwanza. Jumamosi hii, mwaga maji ya sahani, weka jiwe lako mahali pazuri, simama juu yake na upige picha moja. Andika tarehe. Jumamosi ijayo, rudi pale pale.